Kikaango kimoja dola 120, cha pili dola 15: wakusanyaji wanalipia nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Bukavu anayeishi Erie, Pennsylvania. Jumamosi iliyopita alipita kwa jirani aliyetandaza uani vyombo vya marehemu mama yake ili aviuze. Mezani palikuwa na vikaango viwili vya chuma, vyote vyeusi, vyote namba 8, upana ule ule. Kitakoni mwa kimoja kulikuwa na msalaba ndani ya duara mbili, neno GRISWOLD na namba 704. Bei yake dola 120. Cha pili hakikuwa na jina, kina namba tu juu ya mpini, na kitakoni pete iliyokatwa sehemu tatu. Bei yake dola 15. Jirani amesema visiponunuliwa atavitoa tena Jumamosi ijayo. "Mimi nataka cha kukaangia sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) na mayai ya watoto," anaandika. "Je, kile cha 120 kinapika vizuri mara nane zaidi, au watu wananunua jina tu? Na kwa nini jina hilo, si lingine?"

Dada yangu, salamu kutoka Dayton. Mimi ni mtu wa Tanga, na hapa Ohio kwa miaka 14 kazi yangu ya pembeni imekuwa kununua, kusafisha na kuuza vyombo vya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo. Swali lako naulizwa mara kwa mara, lakini hii ni mara ya kwanza kuulizwa na mtu wa Erie, mji ambao Griswold, kiwanda cha vikaango, kilizaliwa na kikafia hapo hapo. Nivumilie basi nikujibu kwa urefu.

Kikaango cha dola 120 hakipiki mara nane zaidi. Kwa sambaza kwenye mafuta ya kutosha, ukiletewa sahani mbili mezani hutajua ipi imetoka wapi. Hata hivyo anayelipa 120 hajapumbazwa. Ndani ya bei hiyo kuna kazi ya mikono ambayo viwanda vikubwa viliiacha, kuna alama zinazoeleza chombo kilitoka wapi na lini, na kuna ukweli kwamba mlango wa kiwanda umefungwa na havitatoka vingine. La kwanza linakuhusu wewe mpishi. Mengine mawili ni ya wakusanyaji.

Ukirudi pale, kabla ya kuangalia nembo tumia kidole. Pitisha ncha yake ndani ya kile cha Griswold, halafu siku nyingine upapase kikaango kipya cha bei ya kawaida dukani. Cha zamani kinateleza kama upande wa ndani wa kombe. Kipya kina vipele kama ganda la chungwa. Wengi hudhani ulaini ule umetokana na miaka mingi ya kupikia, au na mafuta ya bibi wa mtu. Ulikuwepo tangu siku kikaango kilipotoka kiwandani.

Pengine umewahi kuwaona mafundi wetu wanaosubu sufuria nzito za alumini kutokana na mabaki ya injini. Fundi anachukua sufuria iliyopo na kuifanya umbo mama. Anaizungushia mchanga wenye unyevu ndani ya sanduku, anaushindilia mpaka ushikane, kisha anaitoa taratibu, na pale ilipokuwa panabaki uwazi wenye umbo lake. Uwazi huo ndio kalibu. Madini yaliyoyeyuka yanamiminwa humo, yanapoa, mchanga unavunjwa. Mwingereza Abraham Darby alipewa hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga mwaka 1707, na karibu miaka mia mbili baadaye viwanda vya Erie na Ohio vilikuwa vinafanya vile vile: sanduku, mchanga, umbo mama na mtu mwenye mkono mwepesi.

Waliwazidi wengine kwa mambo ambayo mnunuzi hayaoni. Mchanga uliogusa umbo mama ulikuwa laini, kwa hiyo uso wa chuma ulitoka laini. Kuta zilikuwa nyembamba, na hapo ndipo ustadi ulipo, kwa sababu chuma kinachopita mahali pembamba hupoa haraka. Kikiganda kabla hakijafika ukingoni, kikaango kinatoka na tundu au na ukingo uliomegeka, na kazi yote inarudi tanuruni. Mtu aliyeweza kusubu vyombo vyembamba siku nzima bila kuharibu vingi alikuwa fundi kweli kweli, na mimi kila ninaposhika Griswold ya miaka ya 1920 nazishika juhudi zake. Namba 8 ya aina yako ina uzito wa kilo 2 hivi. Kikaango cha leo cha Lodge, kiwanda cha Tennessee, chenye upana unaokaribiana nayo kina kilo 2.4. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Kwenye kiwiko cha mtu anayemimina mchuzi kwa mkono mmoja si ndogo.

Kilichofuata kilikuwa jiwe la kusagia. Sakafu ya ndani ilisagwa na kung'arishwa mpaka chembe za mchanga zikaisha. Ukiinamisha kikaango kilichosafishwa vizuri kwenye mwanga wa dirishani, utaona mistari myembamba ya duara iliyoachwa na mtambo. Kwangu mistari hiyo ina thamani kuliko nembo yenyewe.

Hatua hiyo ndiyo iliyokufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili sufuria nyepesi za alumini na chuma cha pua zilichukua meko za Marekani, na bei ya kikaango cha chuma ikawa haiwezi tena kubeba mishahara ya watu wa kusaga. Mashine zikachukua nafasi ya washindilia mchanga. Mashine inapenda ukuta mnene, maana mnene hauharibiki ovyo. Vipele vikaachwa kama vilivyo. Lodge ilipoanza mwaka 2002 kuuza vikaango vilivyokwisha kuokwa na mafuta kiwandani, vipele hivyo vikapata hata kazi, kwa kuwa mafuta yanashika vizuri penye mikwaruzo. Sikulaumu wala siwalaumu. Kikaango hicho kinauzwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuilipa, na kitamzika.

Sasa nisahihishe mambo mawili utakayoyasikia kwa wauzaji.

Wanasema chuma cha zamani kilikuwa bora zaidi. Chuma ni kile kile cha kusubu, cha kijivu, chenye kaboni kati ya asilimia 3 na 4. Kilichobadilika ni mchanga, unene na jiwe. Tena kuna jambo tunalisahau: vikaango vibovu vya mwaka 1910 havipo mezani kwa jirani yako. Vilipasuka, vilipinda, vikauzwa chakavu. Vilivyofika kwetu ni vile vilivyostahimili, kwa hiyo tunawahukumu wazee wetu kwa kazi zao nzuri tu.

La pili, wanasema chuma kinasambaza moto sawasawa. Hakifanyi hivyo. Alumini inapitisha joto mara tatu hadi nne kuliko chuma cha kusubu, ndiyo maana kikaango cha chuma kikiwekwa juu ya moto mdogo huwa na doa la joto katikati. Nguvu ya chuma iko kwenye uzito wake: kinachelewa kupata moto, na kikishaupata hakiuachii kirahisi hata ukitupia kitu cha baridi. Ukilifuata wazo hili mpaka mwisho utafika mahali ambapo wauzaji hawapendi ufike. Kwa sambaza wako, wanaotoka baridi na kumwagwa kwa mkupuo, kikaango kizito cha dola 15 kitashika joto vizuri kuliko kile chembamba cha dola 120. Griswold itashinda kwa mayai, kwa chapati za maji, kwa kitu chochote kinachotaka kuteleza na mkono mwepesi. Kwa kukaanga kwa mafuta mengi, mzito ana haki yake.

Sasa kwa nini Griswold, wakati viwanda vilivyofanya kazi nzuri vilikuwa vingi?

Matthew Griswold alifika Erie kutoka Connecticut mwaka 1865, akaanza na kampuni ya Selden & Griswold. Hawakuanza na vyombo vya kupikia. Walikuwa wanasubu bawaba za milango na vitu vingine vidogo vya chuma. Mji ulikuwa mahali pake: bandari ya ziwa inayofikiwa na meli za madini kutoka Ziwa Superior, na makaa ya mawe ya Pennsylvania hayakuwa mbali. Mwenyewe baadaye akachaguliwa mbunge huko Washington. Kufikia miaka ya 1880 jina lake lilikuwa peke yake kwenye kampuni, na kikaango ndicho kilichokuwa kikiitangaza.

Waliloliweza zaidi ya wenzao ni kuweka alama. Kila chombo kilibeba nembo, jina la mji, namba ya ukubwa na namba ya umbo mama. Ile 704 uliyoiona ni umbo mama la kikaango namba 8. Ungeona 709 ungejua ni namba 3. Na nembo zilibadilika kwa zamu. Mwanzoni liliandikwa ERIE tu, jina la mji wako, mpaka miaka ya kwanza ya 1900. Ikaja duara yenye msalaba na herufi zilizolala upande. Kisha, katika miaka ya 1920 na 1930, msalaba mkubwa wenye herufi zilizosimama, ambao kwa maelezo yako ndio unaowezekana kuwa wa jirani yako. Mwisho ukaja msalaba mdogo wa miaka ya 1940 na 1950. Mkusanyaji akigeuza kikaango anasoma umri wake kama unavyosoma tarehe kwenye sarafu. Chombo kinachosomeka hivyo kinamfanya mtu atake kukamilisha mfululizo: namba 3 mpaka 12, zote za msalaba mkubwa. Akibakiza moja, kwa hiyo moja atalipa bei ambayo mpishi hawezi kuielewa.

Halafu kulikuwa na matangazo. Katika miaka ya 1920 kampuni ilikuwa na "Aunt Ellen", shangazi wa kwenye matangazo aliyewaelekeza akina mama namna ya kupika nyama kwenye vyungu vyao vizito vyenye mifuniko. Watoto waliokulia kwenye jiko lenye chungu cha Griswold walipozeeka, jina hilo ndilo walilolitafuta. Mahaba ya namna hii hayatoki kwenye chuma.

Na kiwanda kikafa. Familia iliiuza kampuni mwaka 1946, na mwaka 1957 kiwanda cha Erie kikafungwa. Jina likanunuliwa na kampuni ya Randall, ambayo tayari ilikuwa inamiliki Wagner, mshindani wa Griswold kwa zaidi ya nusu karne. Baada ya hapo vikaango vyenye jina la Griswold vilisubiwa Sidney, Ohio, na vingine vina majina yote mawili kitako kimoja. Wakusanyaji wanavishusha bei, na hapa naungana nao: kazi yake si ile. Kwa hiyo maneno ERIE PA. chini ya msalaba ni sehemu ya bei. Yakiwepo, chombo kina ushahidi wa mji wake.

Sidney naijua kama kiganja changu. Ukitoka hapa Dayton kwa barabara ya I-75 kwenda kaskazini, unapita Piqua, unapita Sidney, unafika Wapakoneta, na hujamaliza kilomita mia. Miji yote mitatu ilisubu vikaango. Piqua ilikuwa na Favorite Stove & Range. Wapakoneta ilikuwa na Wapak Hollow Ware, iliyofanya kazi kuanzia 1903 hadi 1926, na nembo yake ya kichwa cha Mhindi Mwekundu inagombaniwa minadani ingawa kazi yenyewe mara nyingi ina kasoro. Baadhi ya vikaango vya Wapak vina kivuli cha jina la kampuni nyingine chini ya nembo, ishara kwamba kikaango cha mtu mwingine kiliwahi kutumika kama umbo mama. Mpishi ataviona vya kawaida. Mkusanyaji analipia kichwa kile, miaka ile 23, na kivuli.

Wagner, walioanza Sidney mwaka 1891, ni habari nyingine. Kwa ufundi sioni walipopitwa na Griswold. Vikaango vyao vya kabla ya vita ni vyembamba, laini, na mpini unakaa vizuri mkononi. Nyumbani kwangu kilicho juu ya jiko kila siku ni Wagner namba 8. Bado bei yake kwa kawaida iko chini ya Griswold wa rika lake, na sababu nimekwisha kuitaja: Wagner walitengeneza vingi, waliendelea kwa miaka mingi zaidi, na vya mwishoni vilivyopungua ubora vilibeba jina lile lile. Jina likiendelea kuishi baada ya ufundi kupungua, ufundi wa zamani unashushwa bei pamoja nalo. Mtu anayenunua kwa kupikia anapaswa kulishukuru jambo hilo.

Lodge ya South Pittsburg, Tennessee, ndiyo inayoonyesha hili wazi kabisa. Joseph Lodge alianzisha kiwanda chake cha kwanza, Blacklock, mwaka 1896. Kikaungua mwaka 1910, wakajenga kingine mwaka huo huo na kukiita Lodge, na mpaka leo kinafanya kazi. Kazi yao ya zamani ni nzuri, lakini kwa miaka mingi hawakuandika jina lao kwenye vikaango. Chombo kisicho na jina, kutoka kiwanda ambacho hakijafa: mkusanyaji wa kawaida anakipita. Na kile cha dola 15, dada yangu, chenye namba juu ya mpini na pete ya kitako iliyokatwa sehemu tatu, ni Lodge ya zamani. Mikato ile mitatu ni alama yao inayojulikana. Vile vile kuna Birmingham Stove & Range ya Alabama, ambao vikaango vyao vingi havina jina; wanaovijua wanavitambua kwa namba, herufi na mgongo ulio chini ya mpini. Vizito kidogo, imara, bei ya kuchekea.

Kuhusu uhaba nitasema kwa ufupi. Namba 8 ndicho kikaango cha familia, kilitengenezwa kwa wingi, na hata cha Griswold hakiwi ghali sana. (Namba hiyo si inchi, inahusiana na ukubwa wa tundu la jiko la kuni ambalo chombo kilikaa juu yake, na upana halisi ni sentimita 26 na nusu hivi.) Bei inaruka kwenye ncha mbili: vidogo sana, ambavyo watu hawakuwa na haja navyo, na vikubwa sana, kama namba 20 ya mahotelini. Namba 13 ya Griswold ilitengenezwa kidogo, na wakusanyaji wengi wanaamini ni woga wa namba yenyewe. Leo inaweza kuzidi dola elfu. Kikaango chenye nembo ya buibui ni adimu zaidi ya hapo.

Penye bei kama hizo hapakosi udanganyifu, na mtego mwingine haukutegwa na mtu. Mwaka 1991 Wagner waliadhimisha miaka mia kwa kutoa vikaango vilivyoandikwa "Wagner's 1891 Original". Kila mwezi mtu ananiletea kimoja akiamini kina zaidi ya karne. Ni vya 1991. Ni vyombo vizuri vya kupikia, lakini anayevinunua kwa bei ya mwaka 1891 amepoteza fedha zake.

Vya kughushi vinatambulika kwa njia ambayo mafundi wetu wa alumini wangeielewa mara moja. Mghushi hana umbo mama la kiwandani. Anachukua kikaango halisi na kukizungushia mchanga. Sasa chuma kinapopoa husinyaa kwa karibu asilimia moja, na umbo mama la kiwandani lilikuwa limekuzwa kidogo ili kufidia hilo. La mghushi halijakuzwa. Kwa hiyo nakala inatoka ndogo kuliko mama yake: kwenye kikaango cha sentimita 26 na nusu utapungukiwa na milimita 2 hadi 3. Herufi nazo zinakuwa na ukungu, na uso una chembe za mchanga mkubwa. Waghushi wanapenda zaidi vyombo vidogo vya kuchezea watoto na kalibu za keki zenye maumbo, kwa sababu hivyo vina bei kubwa kwa chuma kidogo. Namba 8 haiwalipi sana. Lakini nenda na rula.

Na ukienda, fanya mambo haya kwenye vikaango vyote viwili kabla ya kutoa hela. Kiweke juu ya kitu kilichonyooka kabisa, kioo au mezani, ukisukume kidogo mpini. Kikizunguka kama pia, kitako kimevimba. Kwenye moto wa gesi unaweza kuvumilia, kwenye jiko la umeme la kioo hutapata raha. Kama jiko lako ni la kioo jua pia kwamba pete ya kitako inainua chuma kisiguse moto wote, kwa hiyo kitako kisicho na pete kinafaa zaidi. Kisha kishike kwa kidole kimoja kwenye tundu la mpini na ukigonge kwa ufunguo. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, na ufa wa chuma cha kusubu hauzibiki kwa namna ya kuaminika. Angalia rangi: uwekundu unaofifia uliopenya ndani ya chuma, hata baada ya kusugua, ni dalili ya kuchomwa kwa moto mkali, na mafuta hayatashika tena vizuri hapo. Kutu ya kawaida isikutishe hata kidogo.

Muulize pia jirani kama nyumbani kwao kulikuwa na mwindaji au mvuvi. Huku watu wengi walikuwa wakiyeyushia madini ya risasi (lead) kwenye vikaango vya zamani ili watengeneze vichwa vya risasi za bunduki na vizito vya nyavu na ndoana. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wako. Ukiona matone ya kijivu yanayong'aa, kiache hata akikupa bure. Ukiwa na shaka tu, vipo vijiti vya kupimia madini hayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Fanya hivyo kabla ya kukipikia.

Ukishakileta nyumbani usikichome moto ili kukisafisha. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipata Wagner namba 10 kimejaa masizi, nikakiweka kwenye moto mkubwa wa kuni kama nilivyoona kwetu wakichoma masufuria. Kilitoka kimepinda na kimekuwa chekundu, na mpaka leo kipo ukutani kwangu kwa sababu hakifai kingine. Oveni zinazojisafisha zenyewe kwa joto kali zinaleta hatari ile ile. Masizi ya zamani yanaondolewa kwa maji ya kostiki, ile wanayotumia watengeneza sabuni, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, umevaa glavu na miwani, watoto wakiwa mbali. Siku chache chuma kitabaki cha kijivu kitupu. Kutu iliyobaki inatolewa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nusu saa kwa wakati mmoja, usikilaze humo usiku kucha maana siki inakula chuma chenyewe. Kikaushe juu ya moto mdogo, kipake mafuta ya kupikia kidogo sana, yafute kana kwamba ulikosea kuyapaka, na ukioke kikiwa kimefunikwa kifudifudi kwenye oveni ya nyuzi 230 za Selsiasi kwa saa moja. Rudia mara tatu nne. Mafuta yanageuka kuwa ngozi ngumu nyeusi, na baada ya hapo kukaanga kwenyewe kunaendelea kuijenga.

Sasa chaguo lako. Kwa uliyoyaandika, sambaza na mayai ya watoto, chukua kile cha dola 15. Ni Lodge ya zamani, ina uzito unaofaa sambaza, na ikishashika mafuta vizuri mayai yatateleza. Kama sakafu yake ya ndani ni laini kwa kidole, umepata sehemu kubwa ya kile ambacho mtu wa dola 120 anakilipia.

Kile cha Griswold usikinunue kwa kupikia tu. Kinunue kama umekipenda kwa kuwa kimetoka kwenye mji unaolelea watoto wako. Sioni ubaya wa sababu hiyo. Ndiyo iliyonifanya nami nikusanye vya Sidney, mji ulio jirani na nilipoanzia maisha haya. Kikilia kama kengele, kisipozunguka mezani, na ERIE PA. ikisomeka vizuri, 120 ni bei ya haki, ila ukisubiri mpaka mchana wa Jumamosi na ukamwambia una dola 90 mkononi, sidhani atakufukuza. Kile cha 15 usikisubirie mchana. Kukiwa na mtu mmoja tu mtaani kwenu anayejua maana ya mikato mitatu, saa mbili asubuhi kitakuwa kimekwenda.